Jinsi ya Kuizima Seva ya Nyuzi Nyingi Bila Kupoteza Kazi Iliyokwisha Kupokewa

Seva inayoendesha nyuzi nyingi (threads, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba ndani ya programu moja) ni rahisi kuiwasha kuliko kuizima. Inapowashwa, uzi mkuu huzianzisha nyingine moja baada ya nyingine na kila moja hushika njia yake. Inapozimwa, nyuzi hizo hizo zimekwisha kutawanyika: mmoja unangoja mteja mpya, mwingine unangoja kazi kwenye foleni, mwingine umeshika kufuli (mutex, linaloruhusu uzi mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja) na uko katikati ya kuandika kwenye hifadhidata, na hakuna hata mmoja unaojua kwamba muda wa kufunga umefika. Ndiyo maana ninashikilia kwamba kuzima seva ni suala la mawasiliano kabla ya kuwa suala la kusafisha kumbukumbu. Habari moja, kwamba tunafunga, inapaswa kuanzia mahali pamoja na kuufikia kila uzi pale pale unapolala. Mwongozo huu unatumia lugha ya C na fanksheni za POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, kwenye Linux kwa sababu huko mambo yote yako wazi machoni, lakini utaratibu ni ule ule kwa anayeandika kwa Java, C++, Go au Python, na pale lugha hizo zinapotofautiana kwa namna inayoweza kumponza mtu nimetaja.

Hatua ya 1: Jua nani anakuzima na anakupa muda gani

Kwenye Linux, ombi la kawaida la kuzima mchakato ni ishara ya SIGTERM, yenye namba 15. Anayebonyeza Ctrl-C kwenye terminali hutuma SIGINT, namba 2. Ishara hizi mbili programu inaweza kuzipokea na kuamua la kufanya. SIGKILL, namba 9, haipokeleki wala haizuiliki: kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huuondoa mchakato bila kuupa nafasi ya kutekeleza hata agizo moja zaidi.

Wasimamizi wa michakato karibu wote hufuata mtindo mmoja, yaani hutuma SIGTERM, hungoja kwa muda fulani, kisha hutuma SIGKILL. Kinachotofautiana ni muda. Kwa mipangilio ya awali, systemd hungoja sekunde 90, Kubernetes hungoja sekunde 30, na amri ya kusimamisha konteina ya Docker hungoja sekunde 10 tu. Andika namba inayokuhusu mahali utakapoiona, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata unapaswa kuenea ndani yake. Baada ya mchakato kufa, msimbo wa kutokea unaoonyeshwa na ganda la amri hukueleza kilichotokea: 143 ni 128 na 15, maana yake SIGTERM iliuua mchakato kwa sababu hakukuwa na aliyeipokea, 137 ni 128 na 9, maana yake kwa kawaida ni kwamba muda ulikwisha kabla hujamaliza.

Kwa wanaotumia konteina kuna jambo moja la kukagua mapema. Mchakato wenye namba 1 ndani ya konteina hauuawi na SIGTERM usipokuwa umejiandaa kuipokea, kwa kuwa kerneli huulinda mchakato huo dhidi ya tendo la kawaida la ishara. Tena, ikiwa seva yako imeanzishwa na skripti ya ganda, namba 1 ni ganda lenyewe, na ganda haliipitishi ishara kwa mtoto wake. Seva hukaa bila habari hadi inapouawa. Tiba yake ni neno moja: weka `exec` mbele ya amri ya mwisho ya skripti, ili seva ichukue nafasi ya ganda badala ya kuwa mtoto wake.

Hatua ya 2: Orodhesha mahali kila uzi unapolala

Kabla ya kuandika mstari wowote wa kuzima, chukua karatasi uandike jina la kila uzi ulio ndani ya seva na, mbele yake, kila mahali unapoweza kusimama na kungoja. Uzi wa kupokea wateja hungoja ndani ya `accept` au `epoll_wait`. Nyuzi za kazi hungoja kwenye foleni. Uzi wa usafi wa kila dakika hulala ndani ya `nanosleep`. Uzi unaozungumza na hifadhidata hungoja jibu ambalo huenda lisije kamwe. Mbele ya kila mahali pa kulala andika kitakachouamsha siku ya kufunga. Palipobaki wazi ndipo seva yako itakapokwama.

Ninalisisitiza zoezi hili kwa sababu niliwahi kuitunza seva iliyokuwa ikichukua sekunde 90 kamili kila ilipozimwa. Sote tulidhani inamalizia kazi za wateja, na kwa miezi kadhaa hakuna aliyeuliza kwa nini kazi hizo humalizika kwa sekunde 90 zile zile usiku wa manane kama ilivyo mchana wenye shughuli. Siku moja nikaiunganisha na gdb, chombo cha kuchunguza programu inayoendelea, ikiwa katika hali hiyo, nikaamuru `thread apply all bt` ili nione kila uzi umesimama wapi. Nyuzi saba zilikuwa ndani ya `pthread_cond_wait`. Uzi mkuu ulikuwa ndani ya `pthread_join`, ukiingoja ya kwanza kati ya hizo saba. Bendera ya kuzima, yaani kigeu kinachosema tunafunga, ilikuwa imekwisha kupandishwa, lakini hakuna aliyepiga kengele (condition variable, inayowaamsha waliolala ndani ya `pthread_cond_wait`), na aliyelala hawezi kuiona bendera. Sekunde 90 zilikuwa ni subira ya systemd kabla ya SIGKILL.

Hatua ya 3: Uzi mmoja tu upokee ishara

Ishara inayotumwa kwa mchakato wenye nyuzi nyingi hukabidhiwa uzi wowote usioizuia, na huwezi kuchagua ni upi. Huenda ikauangukia uzi ulio ndani ya `malloc`, ukiwa umeshika kufuli la ndani la kumbukumbu. Kama kipokeaji chako cha ishara kitaita `printf` ili kuandika kwamba seva inafunga, au kitaomba kumbukumbu, kinaweza kulingoja kufuli ambalo uzi ule ule ndio umelishika, na hapo hakuna wa kumwokoa mwenzake. Orodha ya fanksheni zinazoruhusiwa ndani ya kipokeaji ni fupi: `write` na `_exit` zimo, `printf`, `malloc` na `pthread_mutex_lock` hazimo.

Njia safi ni kuacha kabisa vipokeaji vya aina hiyo. Zuia ishara kwenye uzi mkuu kabla ya kuanzisha uzi mwingine wowote, kwa kuwa kila uzi mpya hurithi orodha ya ishara zilizozuiwa kutoka kwa uzi uliouanzisha, kisha teua uzi mmoja wa kuzingoja kwa utulivu:

```c
sigset_t s;
sigemptyset(&s);
sigaddset(&s, SIGTERM);
sigaddset(&s, SIGINT);
pthread_sigmask(SIG_BLOCK, &s, NULL);

anzisha_nyuzi_zote();

int ishara;
sigwait(&s, &ishara);
anza_kuzima();
```

Baada ya `sigwait` kurudi, uko kwenye msimbo wa kawaida. Unaweza kushika kufuli, kuomba kumbukumbu, kuandika kwenye logi na kupiga kengele yoyote. Angalia tahadhari mbili. Maktaba fulani huanzisha nyuzi zake pindi zinapoandaliwa, kwa hiyo mistari ya kuzuia inapaswa kuwa ya kwanza kabisa ndani ya `main`, kabla hata ya kuandaa maktaba ya logi. Pili, orodha ya ishara zilizozuiwa hudumu hata baada ya `exec`, hivyo seva yako ikianzisha programu nyingine, ifungulie ishara hizo kwanza. La sivyo programu hiyo itakuwa kiziwi kwa SIGTERM na utashindwa kuelewa kwa nini.

Ukiwa hapo, puuza SIGPIPE kwa seva nzima. Kuandika kwenye soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao) ambayo mteja amekwisha kuifunga huleta ishara hiyo, na tendo lake la kawaida ni kuua mchakato. Wakati wa kufunga wateja huondoka kwa wingi, kwa hiyo ndipo inapojitokeza zaidi.

Kwenye Python, vipokeaji vya ishara hutekelezwa na uzi mkuu peke yake, hivyo uzi huo usiupe kazi ndefu isiyokatizika. Kwenye Go, mfereji unaoukabidhi kwa `signal.Notify` uwe na nafasi ya kuhifadhi angalau ishara moja, kwa sababu mtumaji hangoji: akikuta hakuna anayepokea, ishara hutupwa. Kwenye Java, kazi ulizozisajili kwa `addShutdownHook` huendeshwa kwa pamoja bila mpangilio maalumu, kwa hiyo sajili moja tu na upange mwenyewe ndani yake.

Hatua ya 4: Tengeneza foleni inayofungika

Foleni ya kazi ndiyo njia kuu ya mawasiliano kati ya uzi unaopokea maombi na nyuzi zinazoyashughulikia, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Wengi huweka bendera ya kuzima nje ya foleni, kama kitu cha seva nzima, na foleni yenyewe ikabaki haijui lolote. Mimi ninashauri kinyume chake: hali ya kufungwa iwe mali ya foleni, ikilindwa na kufuli lile lile linalolinda yaliyomo.

```c
struct kazi *chukua(struct foleni *f)
{
    struct kazi *k = NULL;

    pthread_mutex_lock(&f->kufuli);
    while (f->mwanzo == NULL && !f->imefungwa)
        pthread_cond_wait(&f->kengele, &f->kufuli);
    if (f->mwanzo != NULL) {
        k = f->mwanzo;
        f->mwanzo = k->inayofuata;
    }
    pthread_mutex_unlock(&f->kufuli);
    return k;
}

void funga(struct foleni *f)
{
    pthread_mutex_lock(&f->kufuli);
    f->imefungwa = true;
    pthread_cond_broadcast(&f->kengele);
    pthread_mutex_unlock(&f->kufuli);
}
```

Soma `chukua` polepole. Foleni ikiwa imefungwa lakini bado ina kazi, kazi hutolewa. `NULL` hurudi tu pale foleni inapokuwa imefungwa na pia imekauka, na uzi wa kazi unaopata `NULL` hujua kwamba hakuna kitakachokuja tena, hivyo hutoka kwenye kitanzi chake na kurudi nyumbani. Fanksheni ya kuweka kazi nayo ikague `imefungwa` ndani ya kufuli na ikatae kwa kurudisha kosa, ili anayeweka amjibu mteja badala ya kudhani kazi imepokewa.

Kwa nini bendera ipandishwe ndani ya kufuli? Tazama kinachotokea isipokuwa hivyo. Uzi wa kazi umeshika kufuli, umeona foleni ni tupu, umeona bendera iko chini, na uko karibu kuita `pthread_cond_wait`, ila bado haujaita. Katika upenyo huo, uzi wa kuzima unapandisha bendera na kupiga kengele. Kengele inalia na hakuna aliyelala wa kuisikia, na kengele ya POSIX haihifadhi mlio. Kisha uzi wa kazi unaingia kusinzia, na hautaamshwa tena. Ukiipandisha bendera ndani ya kufuli, upenyo huo unazibika, kwa sababu `pthread_cond_wait` huliachia kufuli na kuingia katika kungoja kwa tendo moja lisilogawanyika: ama uzi wa kazi utaiona bendera kabla ya kulala, ama utakuwa umekwisha kulala kengele inapolia. Kosa hili hujitokeza mara chache mno katika majaribio ya mezani, ndiyo maana huishi muda mrefu.

Kitanzi cha `while` mahali ambapo `if` ingeonekana kutosha si pambo. Viwango vya POSIX vinaruhusu uzi kuamka bila kengele kupigwa, na hata kengele ikipigwa kwa haki, uzi mwingine unaweza kuwahi na kuichukua kazi kabla yako. Aliyeamka akague tena. Na wakati wa kufunga tumia `pthread_cond_broadcast`, si `pthread_cond_signal`, kwa kuwa ya pili inahakikisha kuamka kwa uzi mmoja tu na wengine watabaki wamelala. Kama foleni yako ina kikomo cha ukubwa, na inapaswa kuwa nacho, basi kuna kengele ya pili ya wanaongoja nafasi ya kuweka; hiyo nayo ipigwe kwa wote, la sivyo uzi wa kupokea maombi utakwama ukingoja nafasi kwenye foleni iliyofungwa.

Wapo wanaopendelea kutumbukiza kwenye foleni kazi maalumu isiyo ya kweli, inayomaanisha kwamba aliyeichukua aondoke. Njia hiyo inafanya kazi pale idadi ya nyuzi inapojulikana na haibadiliki, lakini idadi ya nyuzi ikipanda na kushuka kulingana na mzigo, hesabu hukosewa kwa urahisi na uzi mmoja hubaki bila kupata ujumbe wake.

Kuhusu bendera zinazosomwa nje ya kufuli, kwa mfano ndani ya hesabu ndefu inayotaka kujua kama iendelee, tumia aina za atomiki za C11 au C++11. Neno `volatile` katika C na C++ si chombo cha mawasiliano kati ya nyuzi. Halizuii mpangilio wa maandishi ya kumbukumbu kubadilishwa kati ya viini vya prosesa. Wanaotoka Java huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa huko `volatile` hubeba dhamana hiyo tangu Java 5 ya mwaka 2004.

Hatua ya 5: Waamshe wanaongoja mtandao

Uzi uliosimama ndani ya `accept` hausikii kengele ya foleni. Jaribu la kwanza la wengi ni kuifunga soketi kwa `close` kutoka uzi mwingine, wakitumaini kwamba aliye ndani atatoka na kosa. Kwenye Linux hatoki. Baya zaidi, namba ya faili (file descriptor, namba ambayo kerneli huipa kila faili au soketi iliyofunguliwa) iliyoachwa hutolewa mara moja kwa faili au soketi inayofuata kufunguliwa. Uzi uliokuwa ukitumia namba 7 kwa mteja mmoja unaweza kujikuta unaandika jibu lake kwenye faili ya logi au, jambo la kutisha, kwa mteja mwingine. Weka kanuni ndani ya seva yako kwamba namba ya faili hufungwa na uzi unaoimiliki peke yake.

Njia inayotegemeka ni kuuongezea uzi huo kitu cha pili cha kungoja. Fungua `eventfd`, namba ya faili inayobeba hesabu tu, iliyopo Linux tangu toleo la 2.6.22, uiweke kwenye `epoll`, inayotazama namba nyingi za faili kwa wakati mmoja, pamoja na soketi inayosikiliza. Siku ya kufunga, uzi wa kuzima unaandika namba 1 humo, na `epoll_wait` hurudi. Usiisome `eventfd` hiyo baada ya kuamka. Ikiachwa na thamani yake, na ikiwa imesajiliwa kwa namna ya kawaida ya kuangalia hali badala ya mabadiliko, itaendelea kuonekana tayari kwa kila uzi unaoitazama, hivyo kuandika mara moja huwaamsha wote. Kwenye mifumo isiyo na `eventfd`, bomba la `pipe` hufanya kazi ile ile: funga upande wa kuandikia, na kila anayengoja upande wa kusoma ataona kwamba mwisho umefika. Kuita `shutdown` kwenye soketi inayosikiliza huuamsha uzi ulio ndani ya `accept` kwenye Linux, lakini tabia hiyo si ya mifumo yote na sipendekezi kuijengea seva.

Kwa uzi wa usafi unaolala kwa muda maalumu, badilisha `nanosleep` iwe `pthread_cond_timedwait` juu ya kengele ya kuzima. Muda ukiisha unafanya usafi. Kengele ikilia unatoka.

Usishawishike kuua uzi kwa nguvu. `pthread_cancel` inaweza kuukata uzi katika mahali pasipotarajiwa na kufuli likabaki limeshikwa na marehemu. Waundaji wa Java walitangaza kwamba `Thread.stop` isitumike tena tangu toleo la 1.2, kwa sababu iliachia makufuli huku data iliyolindwa ikiwa nusu imebadilishwa, na katika Java 20 wito huo ulianza kurusha kosa tu.

Hatua ya 6: Funga kuanzia mlangoni kwenda ndani

Mpangilio wa kufunga ufuate mkondo wa kazi: chanzo kwanza, mwisho wa mkondo baadaye. Ukiifunga hifadhidata kabla ya nyuzi za kazi, kazi zilizobaki kwenye foleni zitafeli zote kwa pamoja.

Anza kwa kumwambia kisambaza mzigo, kinachogawa wateja kati ya seva, kwamba huko tayari kupokea, kwa kubadilisha jibu la ukaguzi wa afya, lakini endelea kupokea kwa sekunde chache. Hili huwashangaza wengi. Kwenye Kubernetes, SIGTERM hutumwa sambamba na kuondolewa kwa seva yako kwenye orodha ya wanaopokea wateja, wala moja haingoji nyingine, kwa hiyo wateja wapya wataendelea kufika baada ya ishara. Ukifunga mlango mara moja, hao ndio watakaokataliwa.

Kisha, kabla ya kufunga soketi inayosikiliza, iite `accept` bila kungoja hadi ikuambie hakuna aliyebaki. Miunganisho ambayo kerneli imekwisha kuikamilisha lakini wewe hujaichukua hukatwa kwa ghafla soketi hiyo inapofungwa. Ndipo ufunge soketi, ufunge foleni, na uache nyuzi za kazi zikaushe kilichomo. Kwa miunganisho ya HTTP/1.1 inayodumishwa wazi, ambatisha kichwa cha `Connection: close` kwenye kila jibu la mwisho ili mteja asilete ombi jingine, na miunganisho iliyo kimya ifungwe.

Namna ya kuufunga muunganisho mmoja inastahili uangalifu. Ukiita `close` huku kukiwa na data ya mteja ambayo hujaisoma kwenye bafa ya kupokelea, TCP hutuma RST (ujumbe wa kukata muunganisho ghafla) badala ya kufunga kwa amani, na RST hiyo inaweza kumfanya mteja apoteze jibu ulilokwisha kumtumia. Ita `shutdown` kwa `SHUT_WR`, endelea kusoma na kutupa hadi upate sifuri au muda mfupi uishe, halafu ndipo `close`.

Hatua ya 7: Weka muda wa mwisho

Gawanya muda ulioupata katika hatua ya 1. Kwa sekunde 30, mimi hutenga 5 za kuendelea kupokea, 20 za kukausha foleni, na zilizobaki za kuandika logi na kutoka. Hesabu iwe kwa `CLOCK_MONOTONIC`, ambayo hairudi nyuma saa ya mfumo inaporekebishwa. Kwa kengele za POSIX unaichagua kwa `pthread_condattr_setclock`, kwa kuwa ya awali ni saa ya ukutani.

Muda wa kukausha ukiisha na bado kuna kazi, andika kwenye logi ni kazi zipi, kisha toka kwa `_exit`. Logi hiyo ina thamani kuliko sekunde tano za ziada za matumaini. Na SIGINT ya pili ichukuliwe kuwa amri ya kutoka mara moja: anayebonyeza Ctrl-C mara mbili amekwisha kuamua.

Yote haya hayaondoi wajibu wa kuhifadhi data vizuri. Umeme hukatika bila kutuma SIGTERM. Kazi uliyomwambia mteja kwamba imepokewa iwe imeandikwa mahali pa kudumu kabla ya jibu, ili kuzima kwa utaratibu kuokoe muda na usumbufu, lakini usalama wa data usitegemee hilo.

Hatua ya 8: Zingoje nyuzi, kisha achia mali

`main` inaporudi, `exit` huitwa, na kazi za kufunga pamoja na viharibu vya vitu vya kudumu vya C++ hutekelezwa huku nyuzi nyingine zikiendelea kukimbia. Uzi unaoandika kwenye logi iliyokwisha kuharibiwa ndio chanzo cha zile ajali zinazotokea mwishoni kabisa na zinazopuuzwa na kila mtu kwa kuwa seva ilikuwa inafunga. Ita `pthread_join` kwa kila uzi kabla ya kuachia chochote kinachoshirikiwa, na usiiite ukiwa umeshika kufuli ambalo uzi unaoungoja unalihitaji ili umalize. `std::thread` ya C++ ikiharibiwa kabla ya kungojewa huangusha programu nzima. `std::jthread` ya C++20 huomba uzi usimame na kuungoja yenyewe, nami ningeitumia bila kusita.

Hatua ya 9: Izime mara nyingi, ikiwa na mzigo

Kuzima seva isiyo na wateja hakukufundishi lolote. Andika skripti inayoianzisha seva, kuipa maombi mfululizo kutoka kwa wateja wengi, kutuma SIGTERM baada ya muda wa kubahatisha, na kupima muda wa kutoka pamoja na msimbo wa kutokea. Iendeshe mamia ya mara usiku kucha. Jenga nakala moja ya seva kwa `-fsanitize=thread`, kifaa cha kikusanyaji cha kugundua migongano ya nyuzi, uendeshe majaribio hayo hayo juu yake, kwani kifaa hicho hukuonyesha mistari miwili inayogusa kumbukumbu moja bila makubaliano hata pale ambapo matokeo yalionekana sawa. Inapokwama, soma mstari wa `SigBlk` ndani ya `/proc/PID/task/TID/status` kwa kila uzi ili ujue kama ishara imezuiwa inavyopaswa, kisha rudi kwa gdb na `thread apply all bt`, ukilinganisha kila mahali uzi uliposimama na karatasi yako ya hatua ya 2.

Kipimo cha mwisho kiko upande wa mteja. Skripti ihesabu maombi yaliyopata jibu kamili, yaliyokataliwa kabla ya kupokewa, na yaliyokatwa katikati. Kundi la pili linavumilika, kwa kuwa mteja anaweza kujaribu tena kwingine bila hofu. Kundi la tatu likiwa na hata ombi moja, tafuta ombi hilo kwenye logi kwa namba yake: likiwa halimo kabisa, lilipotea mlangoni, na hatua ya 6 ndiyo ya kurudiwa, likiwa lilianza na halikumalizika, tatizo liko kwenye foleni au kwenye muda wa mwisho uliojiwekea.